Siku Tulipokipumzisha Kisima

Huku Nandumbwe hatuamkiani kwa habari za asubuhi. Habari ni za watu wenye nafasi. Sisi tunaulizana, "Maji wapi?" na anayeulizwa anajibu, "Chini!" Mtoto hajajua kutamka jina la baba yake, ukimuuliza maji wapi anaelekeza kidole ardhini. Bwana harusi anaulizwa na mashemeji kabla hajafunguliwa mlango. Hata msibani, ukishatoa pole, unainama kumnong'oneza mfiwa, "Maji wapi?" naye anakujibu chini, kwa sababu maji yakiwa chini kaburi litabaki na watu wa kulipalilia.

Asubuhi ile swali liliulizwa mara moja tu, na hakuna aliyejibu.

Tulikuwa tumeizunguka meza ya kioo pale sokoni, kati ya vibanda vya mihogo na mafundi cherehani. Chini ya miguu yetu, kina cha kilometa mbili na ushee, kumemwagwa punje. Ni vitu vidogo kuliko ulezi, vilivyosukumwa ndani ya mwamba kukizunguka kisima cha gesi. Kila punje inaonja kilichoigusa, inapima presha yake, kisha inamnong'oneza jirani yake wa juu, naye anamnong'oneza wa juu yake, mpaka umbea wote unafika mezani. Penye gesi kioo kinawaka chekundu. Penye maji, buluu. Vinapokutana ndipo mpaka. Na juu ya mpaka kuna uzi mweupe ambao Mamlaka waliuchora siku mji ulipoandikishwa. Tunauita Alama. Sheria yake haina kona. Mpaka ukifika kwenye Alama, gesi imekwisha, na mji uliojengwa kwa gesi hiyo umekwisha nayo. Umeme unazimwa, zahanati inafungwa, watu wanapakiwa.

Buluu ilikuwa imeigusa Alama.

"Ndugu wananchi, mmejionea wenyewe," alisema Bwana Mgaya, afisa wa Mamlaka. Kijana mpole, viatu safi. Wanaotumwa kuja kuua mji siku hizi huchaguliwa wapole. "Sina la kuongeza. Jumanne ijayo magari yatafika."

"Yafike kufanya nini?" aliuliza Mama Fatu, muuza mihogo.

"Kuwasaidia kuhama, mama."

"Nani kakwambia nataka msaada? Mimi nimeota hapa kama mchicha pori. Hata ukining'oa, mbegu zishamwagika."

Siku nyingine yoyote soko zima lingecheka. Siku ile watu waliitazama meza tu, kama watu wanaotazama uso wa maiti wakingoja upepese jicho.

Kisha wakanigeukia mimi. Naitwa Somoe Nachingulu, mshika ufunguo wa wananchi. Kila kisima kina funguo mbili, mmoja wa Kampuni inayovuta gesi na mmoja wetu, na hakifungwi wala hakifunguliwi mpaka zizungushwe zote kwa pamoja. Ufunguo huo hatukupewa kwa hisani. Tulilala nje ya geti la Kampuni misimu miwili ya mvua, tukaitwa wachochezi, tukamwagiwa maji ya kuwasha, tukazika wenzetu. Tangu tuupate nimeuvaa shingoni kama hirizi, na sijawahi kuuingiza kwenye tundu.

"Somoe, sema," alinihimiza Mama Fatu. "Leo ndio unanyamaza? Siku tukitaka kulala ndio unahutubia!"

Sikuwa namsikia vizuri. Nilikuwa nalitazama umbo. Buluu ile haikulala bapa kama maji kwenye sinia. Ilikuwa imeinuka kama kichuguu, ncha yake imesimama moja kwa moja chini ya bomba, na pembeni, pale punje zetu zinapoishia, ilikuwa inateremka.

Kichuguu kile nilishakiona. Nilikiona kwenye meza ya Mtamba.

*

Mtamba walikuwa jirani zetu, upande wa pili wa bonde. Mama yangu mdogo aliolewa huko. Walipofungiwa mji alipakiwa kwenye gari akiwa amekaa juu ya kitanda chake, amekikumbatia kinu, akipelekwa kwenye maghorofa ya bara ambako hakuna hata pa kutwangia. Alifia huko, ghorofa ya tano, akilalamika kwamba ardhi iko mbali.

Misimu minne baadaye nilikwenda kuokota korosho ng'ambo ya bonde. Nikaona moto. Ulimi wa moto juu ya bomba la Mtamba, unacheza peke yake, hakuna nyumba, hakuna mtu, hakuna mbwa. Kisima kilichokufa kwa maji kinatoa gesi. Nikaenda kuuliza ofisini. Wakaniambia ni majaribio. Nimeyatazama majaribio hayo mwaka hadi mwaka, kila msimu wa korosho, na kila msimu ulimi ule ulikuwa umenenepa.

Watu huniambia, Somoe, wewe husahau. Nasahau nini, na kwa faida ya nani?

Basi asubuhi ile nilitoka sokoni moja kwa moja hadi nyumba ya mitambo. Injinia Tawete, mshika ufunguo wa Kampuni, alikuwa amekaa mlangoni anakunywa chai. Yeye Mngoni wa Songea, mimi Mmwera, kwa hiyo ni watani, na utani ndio umetuwezesha kukaa jirani muda wote huo bila kurushiana mawe.

"Mngoni, umeamka?"

"Mmwera akija mlangoni kwangu nani atalala? Ataibiwa mpaka usingizi."

"Nieleze kile kichuguu."

Uso wake ulibadilika. Aliingia ndani akarudi na bakuli, chupa ya mafuta ya kupikia na mrija wa kunywea soda. Akamimina chai yake ndani ya bakuli, akamimina mafuta juu taratibu mpaka yakatanda.

"Mafuta ndiyo gesi. Chai ndiyo maji. Weka mrija kwenye mafuta, usiguse chai. Vuta polepole."

Nikavuta. Mafuta matupu, yakanijaa mdomoni nikayatema.

"Sasa vuta kama Kampuni."

Nikavuta kwa nguvu. Chai iliinuka kutoka chini kama ulimi wa ng'ombe, ikayatoboa mafuta, ikanijia mdomoni na sukari yake. Nilipoachia, ikashuka. Bakuli likatulia kama hakikutokea kitu. Kwenye bakuli lile chai haikuwa imeongezeka hata tone.

Nilibaki nimeinama juu ya bakuli lile. Mama yangu mdogo. Kinu chake.

"Unajua tangu lini?" nilimuuliza.

"Tangu ncha ilipoanza. Nikawaandikia Kampuni, nikajibiwa kwamba kazi yangu ni kuvuta. Nikaandika tena, nikatajiwa Mtwango, kule baridi inakokata masikio, kwamba kuna nafasi ya injinia." Alichukua chaki akachora sakafuni mistari miwili. Mmoja ulikuwa karibu wima, mwingine umelala zaidi. "Gesi ni nyepesi. Ukishuka ndani yake, presha inaongezeka kidogo kidogo. Huu hapa. Maji ni mazito, ukishuka ndani yake presha inaongezeka haraka. Huu hapa. Mistari inapokatana, pale ndipo mpaka wa kweli. Huhitaji hata kuyaona maji. Lakini mistari hii inanyooka kisima kikiwa kimetulia. Ukimpima mtu presha anakimbia, utamwandikia dawa ya ugonjwa asio nao."

"Kwa nini basi hakipimwi kimetulia?"

Tawete alicheka kicheko cha mtu asiye na raha.

"Kwa sababu yenu. Mliandika kwenye mabango, nyekundu juu ya nyeupe: UMEME USIOKATIKA HATA SAA MOJA. Mkaimba getini. Kampuni wakawapa kwa mikono miwili, wakauweka kwenye mkataba, na tangu siku hiyo kisima hiki hakijapumzika hata kwa kupepesa kope moja. Kile mlichokililia ndicho walichokitaka."

Hilo lilinifikia penye mfupa. Kampuni walikuwa wakitukatia umeme kila tulipoandamana. Tungedai nini kingine? Ukimnyima mtu maji kila siku, ataomba mvua isiyokatika, na hutamsikia akiuliza habari za mafuriko.

"Tukifunga, kichuguu kitashuka?"

"Kama mpaka wa kweli uko chini, kitashuka. Siku tatu, nne. Kama uko juu kweli, tutakuwa tumejua."

"Na ubaya wake?"

"Ubaya wake ni kwamba kisima hiki ni mzee. Sasa hivi gesi inapanda kwa kasi, inayabeba maji inayokutana nayo. Ukikifunga, maji yale yanarudi chini kwenye bomba, yanakaa kifuani. Ukija kufungua, gesi inaweza ikakosa nguvu ya kuyasukuma. Kisiamke kabisa. Hapo utakuwa umeiua Nandumbwe kwa mkono wako, na Mamlaka watakushukuru kwa kuwapunguzia kazi." Akapangusa chaki mikononi. "Mimi wangu nitauzungusha. Mtwango nitavaa koti. Lakini wewe una mtu zahanati."

*

Mtu mwenyewe ni Bakiri, mdogo wangu wa mwisho. Ndiye aliyechimba msingi wa nyumba ya mitambo, yeye na vijana wenziwe, bila kitambaa cha pua, wakapasua mawe mpaka vumbi likaota vifuani mwao kama ukuta. Wenziwe tumewazika. Yeye anapumuliwa na pafu la nje, sanduku jeupe lenye mirija miwili, kando ya kitanda. Sanduku linakula umeme. Betri yake inafika siku moja ikibembelezwa. Paneli za jua za zahanati Kampuni walizibeba mwaka walipotuwashia umeme wa gesi. "Hamtazihitaji tena," walisema, na tukawasaidia kupakia.

"Maji wapi?" aliniuliza nilipoingia. Huongea sanduku linapotoa pumzi, kwa hiyo maneno yake huja mafungu mafungu.

Nilinyamaza.

"Basi nimesikia," akasema.

Nilimweleza yote, bakuli, mistari, Mtamba, betri. Nesi Tekla alisimama kando akasikiliza, kisha akafungua kabati akatoa boksi ambalo gundi yake haikuwa imebanduliwa. Ndani mlikuwa na mvukuto wa mpira wenye mipini miwili, kama ule wa mhunzi, ila mdogo.

"Ulikuja na mashine," alisema. "Unachomekwa badala ya sanduku. Lakini mtu mmoja hawezi kuvukuta kwa muda mrefu, mikono inakufa ganzi. Na mwendo lazima uwe mmoja, mchana na usiku. Ukikatika..." Aliurudisha mvukuto kwenye boksi bila kumaliza.

Bakiri alikuwa ananiangalia.

"Kwa hiyo dada umekuja kuniazima pumzi."

"Nimekuja kukuuliza."

"Nami nikuulize. Angelala hapa mtoto wa Mama Fatu, ungeuzungusha huo ufunguo?"

Nilitaka kusema uongo. Lakini sanduku lilikuwa linapumua, na ni vigumu kudanganya mbele ya kitu kinachohesabu pumzi za ndugu yako.

"Ningeuzungusha."

"Haraka?"

"Haraka."

"Na kwa sababu ni mimi, umesimama hapo unatetemeka kama kuku aliyenyeshewa." Alingoja sanduku limpe pumzi nyingine. "Hapo pana ubaya mara mbili, dada. Mtoto wa watu ungemharakishia, wa kwenu unambembeleza. Chagua mwendo mmoja."

"Ukikataa, siuzungushi. Naapa kwa kaburi la mama."

"Nikikataa nitapakiwa kwenye gari pamoja na sanduku. Unafikiri bara kuna nani wa kunichomeka?" Alifumba macho. Nikadhani amelala. "Naogopa," alisema. "Naogopa sana. Usije ukasimama kwenye mkutano ukasema Bakiri hakuogopa. Na usinifanye bango. Nikifa, nife Bakiri mtoto wa Nachingulu. Nisije nikafa hotuba."

"Sitakufanya."

"Utataka. Nakujua. Ulimi utakuwasha." Alifungua macho. "Zungusha. Ila zamu ya kwanza ya kuvukuta iwe yako. Mikono yako nayo ijue unachokifanya."

*

Sheria ilinipa ufunguo mimi peke yangu, lakini sikuweza kwenda kuuzungusha kama mwizi wa kuku. Nilirudi sokoni nikapanda juu ya boksi la mafundi cherehani, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilihutubia kwa maneno yanayoenea kwenye kiganja. Nikawaambia kisima kimechoshwa kwa kuvutwa. Kikilala, huenda maji yakarudi chini. Kikilala, huenda kisiamke. Hakutakuwa na pampu, feni wala taa. Na Bakiri atapumua kwa mikono ya watu, au hatapumua.

Nilitaka kuongeza kuhusu msingi na vumbi na vijana tuliowazika. Ulimi uliniwasha kweli. Nikaumeza.

Bwana Mgaya alikuwa amesimama pembeni, kalamu imekauka mkononi. Mama Fatu ndiye aliyeuliza:

"Huo mvukuto unashikwaje? Kama wa mhunzi au kama pampu ya baiskeli?"

"Kama wa mhunzi."

"Haya," akasema, akakunja mikono ya blauzi yake. "Baba yangu alikuwa mhunzi. Nioneshe."

Nyuma yake wakaanza kupanga mstari.

Tulizungusha funguo kabla ya adhuhuri, Tawete upande wake na mimi upande wangu. Nilitegemea kishindo. Kilichokuja ni kuondokewa na kitu. Kuna mvumo ambao umekuwa chini ya mji wetu siku zote, kwenye kuta na sakafu na kwenye meno, na hatukujua tunausikia mpaka ulipokoma. Feni zikazunguka kwa uvivu zikasimama. Mbwa wakainuka wakatazamana.

"Hivi ndivyo dunia ilivyokuwa ikisikika," alisema Tawete taratibu, kama mtu aliyeingia msikitini.

Mimi nilikuwa nishaanza kukimbia kwenda zahanati. Betri ingeweza kutupa siku moja, lakini Nesi Tekla hakutaka tuingoje ife ndipo tujifunze. Niliishika ile mipini. Bana, achia. Bana, achia. Kifua cha Bakiri kilipanda kwa mkono wangu na kushuka kwa mkono wangu. Miaka yote nimeshika vipaza sauti, sijawahi kushika kitu kizito namna ile.

"Unavukuta kama unahutubia," alisema yeye. "Punguza."

*

Walivukuta watu ambao sikutegemea. Walivukuta mafundi cherehani, ambao miguu yao imezoea mwendo mmoja, na Nesi Tekla alisema hao ndio hodari kuliko wote. Alivukuta shehe na alivukuta katekista, wakipokezana bila kuacha mwanya, na Bakiri akawaambia afadhali leo wamekubaliana juu ya kitu kimoja. Mara moja, siku ya pili, mtu mzima mmoja alizidiwa na usingizi, mipini ikasimama. Uso wa Bakiri ulianza kugeuka rangi. Mama Fatu alimsukuma yule bwana akaanguka chini, akaidaka mipini, na kwa muda chumba kizima hakikuwa na sauti ila mpira ukibanwa na kuachiwa, na Mama Fatu akimtukana marehemu baba yake mhunzi kwa mapenzi yote, kwamba kumbe hukunifundisha bure, mzee wewe.

Bakiri alipopata sauti alisema, "Mama Fatu, una mikono ya mihogo."

"Pumua, mpumbavu wewe," alimjibu huku machozi yakimtoka.

Nilikuwa nimekaa ukutani. Nilijiuliza kama mji una thamani ya rangi ile niliyoiona usoni mwake. Nikainuka nikajipanga mstarini nyuma ya mtu wa mwisho.

Meza ya sokoni ina kipaneli chake cha jua kisichozidi sinia, kinachotosha kuiwasha yenyewe na si zaidi. Siku ya kwanza kichuguu hakikutikisika. Watu walipita, wakatazama, wakaenda zahanati kushika zamu. Siku ya pili presha zilianza kupanda kwenye kila punje, na mistari ya Tawete ikawa inapindapinda kama nyoka, kila saa inakatana mahali pengine. "Bado kinahema," aliniambia. "Kiache kiheme."

Asubuhi ya siku ya tatu Bwana Mgaya alikuja zahanati kunitafuta, na barua mkononi.

"Bi Somoe, wakubwa wameuliza. Kufunga kisima ni kuvunja mkataba. Imeandikwa kipimo ni cha siku ya kazi, kisima kikiwa kinavuta. Nimetumwa nichukue ufunguo."

Alikuwa amesimama jirani na kitanda. Mvukutaji wa zamu, fundi cherehani, mikono ilikuwa imemfia ganzi na mwenziwe hajafika. Nesi Tekla hakuuliza cheo cha mtu. Aliichukua barua, akaiweka dirishani, akamwekea Bwana Mgaya mipini mikononi.

"Bana, achia. Ufunguo utauchukua ukimaliza zamu."

Akabana. Akaachia. Viatu vyake safi vilitafuta pa kusimama. Baada ya muda jasho lilimtoka kwenye kola, na macho yake hayakutoka kwenye kifua cha Bakiri.

"Wewe ndiye Mamlaka?" Bakiri alimuuliza.

"Ndiyo, kaka."

"Una mwendo mzuri."

Bwana Mgaya alimaliza zamu yake. Alipopokewa hakuomba ufunguo. Aliangalia viganja vyake vyekundu, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mtamba nako kulikuwa na mtu wa namna hii?"

"Kila mahali yupo," nilimjibu.

Tulikuwa bado tumesimama mlangoni tuliposikia sokoni kumetokea kelele.

*

Kwanza sikuweza kuifikia meza kwa watu. Walipigana viwiko, wakapandana mabegani, mafundi cherehani wamesimama juu ya mashine zao. Nilipopenya nikaona.

Kichuguu hakikuwepo.

Buluu ilikuwa imelala. Imelala bapa, upande hadi upande, kama maji kwenye sinia, na iko mbali, mbali kule chini ya Alama, chini kiasi kwamba nilidhani meza imeharibika. Juu yake nyekundu tupu. Tawete alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi na chaki yake, anachora upya presha za punje zote, na mara hii mistari ilinyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Mmoja wa gesi, mmoja wa maji. Ikakatana palepale ilipolala buluu.

"Hapo," alisema. "Hapo ndipo ulipo mpaka. Haujapanda ila kidogo. Wajukuu wenu watazeeka hapa."

Bwana Mgaya alichuchumaa kando yake. Alifuata mistari ile kwa kidole, mmoja, kisha wa pili, mpaka pale ilipokatana. Watu wakasogea, maana neno lake ndilo lililobaki.

"Mkataba umeandikwa siku ya kazi," alisema.

"Umeandikwa," nilimjibu. "Na Sheria yenyewe, iliyouzaa mkataba, inasema nini? Maji yakifika, au mpaka ukifika?"

Akafikiri. Nadhani aliutafuta mstari ule kichwani, neno kwa neno, kama mtu anayekumbuka sala.

"Mpaka," alisema. "Sheria inasema mpaka." Akainuka, akajipangusa magoti. "Ile ilikuwa ncha. Mpaka ni huu. Nitaandika nilichokiona, na kwamba nilikiona kisima kimetulia. Magari yasije."

Sikujua kama wataipokea ripoti yake, wala kama wiki ijayo yeye na Tawete hawatakuwa Mtwango wanauziana makoti. Nilijua nimesubiri miaka mingi kumsikia mtu wa Mamlaka akisema neno "nilichokiona". Nilitaka kumkumbatia, nikakumbuka mimi ni nani, nikampa mkono.

"Msishangilie bado," Tawete aliwaambia watu. "Hatujakiamsha."

*

Kilichofuata nakikumbuka zaidi kwa masikio. Funguo mbili, saa ya alasiri, mji mzima nje ya uzio ambao zamani tulilala nje yake tukimwagiwa maji ya kuwasha. Bomba lilikohoa. Likatema maji meusi yenye chumvi, likanyamaza. Tawete akafunga, akangoja presha ijijaze, akafungua tena kidogo. Likakohoa, likatema. Likanyamaza. Mama Fatu aliyekuwa kando yangu alinishika mkono, na mkono wake ulikuwa na malengelenge, na wangu pia.

"Likiwa limekufa?" aliniuliza.

"Tutakuwa tumeliua sisi."

"Basi sisi," alisema. "Sio wao."

Mara ya tatu bomba lilivuta pumzi. Sina neno jingine. Likapiga kelele ndefu, yenye maji ndani, kisha kelele ikakauka, ikawa mluzi, na ule mvumo wa zamani ukaingia kwenye nyayo zetu, ila mwembamba zaidi, wa taratibu. Tawete alikuwa ameshikilia koki kwa mikono yote miwili kama mtu anayemzuia mtoto asikimbie.

"Polepole hivi hivi," alisema bila kugeuka. "Siku zote. Na kila mwezi siku tatu kinalala. Feni za mchana msahau. Barafu msahau. Mmekubali?"

"Tumekubali, Mngoni!" walijibu, na wengine wakaongeza matusi ya watani ambayo hayaandikiki.

Mchana tutatoka jasho. Msimu wa korosho ukifika nitavuka bonde na kipaza sauti changu kibovu kuutazama ule ulimi wa Mtamba, na safari hii sitaenda kuuliza ofisini. Nitakwenda kwenye yale maghorofa, mlango kwa mlango, kuwaambia watu wake kwamba ardhi yao haikuwahi kufa. Lakini alasiri ile sikuwa na hasira hata ya kujaza kijiko. Ilikuwa imenitoka yote, sijui ilikokwenda, na mwili wangu ulikuwa mwepesi kama nimetuliwa mzigo wa kuni.

Nilitembea kwenda zahanati, sikukimbia. Nesi Tekla alikuwa ameshachomeka sanduku. Mvukuto ulikuwa juu ya kiti, umekaa kama mgeni aliyechoka. Bakiri alikuwa macho, na dirisha lake lilikuwa wazi, kwa hiyo sijui kwa nini aliuliza. Kelele zote za mji zilikuwa zinaingia kwa dirisha lile.

Alingoja sanduku limpe pumzi.

"Dada. Maji wapi?"

Nilifungua mdomo nimjibu. Nje, barabara nzima ikanitangulia.